Kuishi Bila Televisheni Nyumbani: Tuitazame Historia Kabla ya Kuamua



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu wazazi, kuna swali ambalo halikauki midomoni mwetu tunapokutana baada ya Swala au tunapokaa mbele ya maduka yetu kungoja wateja: je, familia ya Kiislamu iweke televisheni nyumbani, au iishi bila yake? Wapo wanaolijibu kwa ukali, na wapo wanaolicheka. Sisi tumeishi pande zote mbili za swali hili. Leo tungependa kulitazama kwa njia ambayo huwa hatuitumii sana, nayo ni njia ya historia. Kabla yetu walikuwepo watu, miji na hata nchi nzima zilizoishi bila televisheni, baadhi kwa hiari na baadhi kwa kulazimishwa. Kuna walichopata na walichokosa, na yote mawili yanatufaa.

Tunasema mapema kwamba hatukuandika haya kumharamishia mtu kitu. Wanachuoni wetu wamelizungumza jambo hili kwa muda mrefu. Wapo walioikataa televisheni moja kwa moja, na wapo walioihesabu kuwa ni chombo tu, hukumu yake ikifuata kile kinachotiwa ndani yake. Mwenye kutaka fatwa amwendee shekhe wake. Sisi tunazungumza kama wazazi.

KIKUUBO NA NYUMBA ZETU

Kwa wasioijua Kampala, Kikuubo ni neno la Kiganda lenye maana ya kichochoro. Na kweli ni kichochoro, karibu na stendi ya zamani ya teksi na stendi za mabasi, lakini ni kichochoro kinacholisha nchi kadhaa. Sukari, chumvi, sabuni, mafuta ya kupikia, biskuti na viberiti vinauzwa hapo kwa jumla, na wanunuzi hutoka pembe zote za Uganda, Sudan Kusini, mashariki ya Kongo na Rwanda. Wachukuzi hupita na magunia kichwani wakipiga kelele upishe njia, na usipopisha unasukumwa. Mganda, Mnubi, Msomali, Mkongomani na Mnyarwanda wakikutana pale juu ya bei ya katoni, mara nyingi lugha inayowaunganisha ni Kiswahili, hata kama kila mmoja anakizungumza kwa namna yake.

Waislamu tuko wengi katika biashara ya mji huu, na hilo lina sababu yake. Wakati wa Waingereza shule nyingi zilikuwa za misheni, na wazee wetu wengi waliogopa kuwapeleka watoto huko wasije wakabadilishwa dini. Basi Waislamu wengi wakaingia katika biashara ndogondogo, uchinjaji na udereva. Tunalikumbusha hili kwa sababu hofu ya kupotelewa na mtoto kupitia kitu cha elimu au cha starehe kinachotoka nje si mpya kwetu. Wazee wetu waliijua. Wengine waliikabili kwa kukataa tu, na watoto wao wakabaki nyuma kimasomo. Wengine waliikabili kwa kujenga, wakasimamisha shule za Kiislamu kama zile za Kibuli, mtoto akapata dini yake na masomo yake mahali pamoja. Tofauti hii baina ya kukataa na kujenga tutarudi kwayo.

TELEVISHENI ILIVYOFIKA UGANDA

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, na mwaka uliofuata, 1963, ikaanza kurusha matangazo ya televisheni, UTV. Kenya ilikuwa imetangulia kidogo, mwaka 1962. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, saa za matangazo zilikuwa chache, na waliokuwa na seti walikuwa wachache zaidi. Kwa watu wengi wa Kampala chombo cha nyumbani kilikuwa redio. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, ilikuwa na wasikilizaji wake waaminifu, na jioni watu walikusanyika kwa jirani mwenye redio nzuri.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, akawapa siku 90 waondoke. Maduka ya mjini yakagawiwa wengine, na likazuka tabaka la matajiri wapya ambao watu wa Kampala waliwapachika jina la Kiswahili linalokumbukwa mpaka leo: mafuta mingi. Tajiri wa wakati ule alijulikana kwa vitu vyake, na televisheni ni kitu kinachoonekana mara tu mgeni aingiapo sebuleni. Mwaka 1975 Kampala ilipokuwa mwenyeji wa mkutano wa wakuu wa nchi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, UTV iliingia katika matangazo ya rangi.

Televisheni hiyo ilikuwa ya serikali, na ilionyesha kile ambacho serikali ilitaka kionekane. Mtu hakuweza kuchagua stesheni nyingine kwa kuwa haikuwepo. Kisha vikaja vita vya 1978 na 1979, Kampala ikaporwa, na miaka migumu ikafuata ambapo familia nyingi ziliishi bila televisheni si kwa sababu ya imani wala uamuzi wowote, bali kwa kukosa.

Mafuriko yenyewe yalikuja baadaye. Kwanza kanda za video, na pamoja nazo vibanda, ambavyo hapa tunaviita bibanda, ambako filamu za Marekani, India na Hong Kong zilitafsiriwa papo hapo kwa Kiganda na mtu mwenye kipaza sauti. Kisha katika miaka ya 1990 serikali ikafungua milango kwa watangazaji binafsi, madishi ya setilaiti yakaanza kuota juu ya mapaa, na mwaka 1999 ikaanza stesheni ya WBS. Mwaka 2005 UTV na Redio Uganda ziliunganishwa kuwa UBC. Mwaka 2015 Uganda ilianza kuzima mitambo ya zamani, na ving'amuzi vikawa sehemu ya vyombo vya nyumbani kama sufuria.

Kwa hiyo, ndugu, wale waliokulia Kampala ya 1970 na wale waliokulia Kampala ya 2000 hawazungumzii kitu kimoja wanapotaja televisheni. Wa kwanza anakumbuka saa chache za jioni na stesheni moja. Wa pili anakumbuka kitu kisichozimwa.

JIRANI ALIYESEMA "BADO"

Sasa tuvuke ziwa twende Tanzania, kwani hapo ndipo penye somo kubwa. Wakati Kenya na Uganda zina televisheni tangu mwanzo wa miaka ya 1960, Tanzania Bara ilikaa bila televisheni mpaka mwaka 1994. Ni zaidi ya miaka 30. Haikuwa kwa kutojua. Mwalimu Julius Nyerere na serikali yake waliona kwamba televisheni ni anasa kwa nchi maskini: ingekula fedha ambazo zingeweza kujenga shule na zahanati, na ingewafaa watu wachache wa mjini huku mkulima wa kijijini akiachwa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 fikra hiyo ilikwenda sambamba na siasa yote ya nchi.

La ajabu ni kwamba ndani ya Jamhuri hiyohiyo, Zanzibar ilianzisha televisheni yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ilikuwa ya rangi tangu siku ya kwanza, jambo lililokuwa geni kabisa katika sehemu hii ya Afrika. Hivyo mzee wa Ng'ambo aliona picha za rangi wakati waziri wa Dar es Salaam hana stesheni yake. Baadhi ya watu wa Dar es Salaam wenye uwezo walisimamisha antena ndefu ili wadake matangazo ya Zanzibar kutoka ng'ambo ya bahari. Hapo tunajifunza jambo la kwanza: ukiamua kuishi bila televisheni, jirani yako hakuamua hivyo, na mawimbi hayajui ukuta.

Lakini tunalotaka mlizingatie zaidi ni hili: badala ya televisheni, Tanzania iliweka nini? Iliweka redio, na haikuiacha redio peke yake. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi katika Redio Tanzania, wakasoma kijitabu pamoja na kiongozi wa kikundi aliyefundishwa, wakajadiliana, kisha wakatoka kufanya kazi: kuchimba vyoo, kufyeka nyasi kuzunguka nyumba, kusafisha visima. Inakadiriwa watu wapatao milioni 2 walishiriki. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai.

Angalieni mpangilio huo. Mtu anasikia, anasoma, anazungumza na mwenzake, kisha anashika jembe. Kile walichokikosa kwa kutokuwa na picha walikipata kwa kukaa pamoja. Hatusemi kila kitu kilikuwa kizuri. Redio nayo ilikuwa ya serikali, na Watanzania wengi walijiona wamechelewa walipotembelea Nairobi. Stesheni binafsi kama ITV zilipoanza mwaka 1994 watu walizipokea kwa furaha, na televisheni ya taifa ikafuata baadaye. Lakini nchi ile haikuiacha nafasi ya televisheni tupu. Iliijaza.

WALIOKATAA KWA HOFU

Wapo pia waliokataa kwa njia nyingine. Afrika Kusini, nchi tajiri kuliko zote kusini mwa bara letu, haikuwa na televisheni mpaka Januari 1976. Wakuu wa ubaguzi wa rangi waliiogopa. Waliona italeta fikra za nje na lugha ya Kiingereza, na itawaonyesha watu weusi na weupe wakiishi pamoja katika nchi nyingine. Kukataa kwao hakukuwa kwa ajili ya kuwalea watoto vizuri, kulikuwa kwa ajili ya kulinda dhulma. Na hakukuwafaa: miezi michache tu baada ya televisheni kuanza, Juni 1976, watoto wa shule wa Soweto walisimama barabarani. Hawakuhitaji televisheni kuwafundisha kwamba wanadhulumiwa.

Saudia nayo ina kisa chake. Mfalme Faisal alipoanzisha televisheni mwaka 1965, baadhi ya watu wa dini walipinga vikali. Mwanamfalme mmoja, Khalid bin Musaid, aliongoza kundi lililokwenda kuishambulia stesheni ya Riyadh, akauawa na polisi. Miaka 10 baadaye, Machi 1975, ndugu yake alimpiga risasi Mfalme Faisal akamuua. Watu wamebishana juu ya sababu zote za kitendo hicho, lakini damu ile ya 1965 ilikuwa baina yao. Na leo hii, ni wangapi kati yetu wanaotazama Tarawehe za Makka na kisimamo cha Arafa kupitia matangazo ya Saudia hiyohiyo? Wazee wetu wengi waliokufa bila uwezo wa kwenda Hija waliiona Al-Kaaba kwa njia hiyo, wakalia. Haki ni kulisema hili pia.

WATAFITI WALIONA NINI

Kuna miji michache duniani ambako watafiti walibahatika kufika wakati televisheni inaingia kwa mara ya kwanza. Tutataja mitatu.

1. Kanada. Mji mmoja mdogo wa magharibi ya nchi hiyo haukupata televisheni mpaka 1973 kwa sababu ulikuwa bondeni. Mtafiti Tannis MacBeth Williams na wenzake waliupa jina la bandia la Notel, wakawapima watoto na watu wazima kabla ya televisheni na miaka miwili baada yake. Waliona watoto wamezidi kupigana na kutukanana, uwezo wa kusoma na wa kubuni umepungua, na watu wamepunguza kuhudhuria shughuli za pamoja za mji.

2. Fiji. Daktari Anne Becker aliwauliza maswali wasichana wa shule katika eneo la Nadroga mwaka 1995, televisheni ilipokuwa imefika karibuni, kisha akauliza wasichana wa rika hilohilo mwaka 1998. Mwanzo hakupata hata mmoja anayejitapisha ili apungue mwili. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11. Ni katika jamii ambayo mwili wa kushiba ulikuwa ni sifa, kama ulivyo kwetu.

3. St Helena. Katika kisiwa hiki cha bahari ya Atlantiki televisheni iliingia mwaka 1995, na mtafiti Tony Charlton alitarajia kuona watoto wakiharibika. Hawakuharibika. Tabia zao zilibaki nzuri kama zamani. Maelezo yake yalikuwa kwamba kisiwa ni kidogo, kila mtu anamjua mtoto wa kila mtu, na wazazi na majirani hawakuacha kuangalia.

Tumeitaja St Helena kwa makusudi, kwa kuwa mara nyingi tukiandika juu ya mambo haya tunachukua yale yanayotuunga mkono na kuyaacha mengine. Tukiiweka mitatu pamoja tunaona kwamba televisheni huingia nguvu pale ambapo macho ya wazazi na majirani yametoka. Madaktari wa watoto nao hawako mbali na hapo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili mpaka minne asizidishe saa moja kwa siku.

KISA CHA NYUMBA YETU

Tuwaeleze sasa kisa chetu, si kwa kuwa ni cha ajabu, bali kwa kuwa wengi mtajiona ndani yake.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2006. Mmoja wetu, yule anayeshinda dukani Kikuubo, alifika nyumbani adhana ya Magharibi ikikaribia, na tende mkononi. Televisheni ilikuwa inaonyesha tamthilia ya nchi za mbali. Akasimama katikati ya sebule akainua mikono kuomba dua ya kufuturu. Mtoto wetu mkubwa, aliyekuwa na miaka 9, akasema bila hata kugeuza uso: "Baba, unaziba."

Hatukumpiga. Tulifuturu kimya. Usiku ule tulizungumza mpaka daku, na baada ya Idi tulimpa seti ile jamaa yetu mmoja aliyekuwa anaanza maisha. Tulijiona tumeshinda.

Miezi iliyofuata ndiyo iliyotufundisha. Kwanza, mtoto alianza kwenda kwa jirani. Jirani yetu ni mama Mkristo, mtu mwema, hakuwahi kumfukuza. Tulipomwendea kumwomba asimruhusu, alitusikiliza kwa adabu kisha akasema: "Mtoto wenu hafuati televisheni tu. Anasema kwenu kumekuwa kimya." Tulirudi nyumbani bila la kusema. Tulikuwa tumeondoa kitu, lakini mahali pake hatukuweka chochote. Baba alikuwa anarudi kachoka, anakula, anahesabu fedha, analala. Mtoto alibaki na ukuta.

Pili, lilijitokeza jambo ambalo wanaume wengi hatulifikirii. Anayekuwa dukani kutwa nzima ana watu, ana mizaha ya wachukuzi, ana habari za Juba na za Bunia. Anayekuwa nyumbani katika vyumba viwili na watoto wadogo, sauti ya televisheni ndiyo iliyokuwa inamzungumzisha. Mama wa nyumba yetu alikubali uamuzi ule kwa moyo safi, lakini baada ya miezi mitatu alisema wazi: "Wewe umeacha mpira wa usiku mmoja kwa wiki. Mimi nimeacha mchana wangu wote." Ilikuwa kweli. Uamuzi tuliuita wa wawili, na gharama yake alikuwa akilipa mmoja.

Hapo tukaanza upya. Mama akajiunga na darasa la wanawake siku tatu kwa wiki, na siku nyingine akawa anakuja dukani, na ukweli ni kwamba hesabu za duka zilinyooka tangu siku hiyo. Dukani tulifunga mapema siku mbili kwa wiki, na hilo lilitugharimu, kwani katika Kikuubo mteja wa Sudan Kusini hakungoji, anahamia duka la pili. Baada ya Magharibi tulisoma Qur'ani pamoja, kila mtu sura yake, hata wakubwa. Baada ya Isha ilikuwa zamu ya omweso, mchezo wa mbegu na ubao wa wazee wa Buganda, ambao bibi yao aliwafundisha, na hakuna aliyewahi kumshinda. Redio ilibaki, kwa habari na mawaidha. Na mtoto yule wa miaka 9 tulimpa daftari la kuandika katoni zilizoingia na zilizotoka. Alilipenda kuliko tamthilia.

Kwa jirani aliendelea kwenda, lakini sasa alikwenda kucheza, na watoto wa jirani walikuja kwetu kushindana omweso.

MTIHANI WA 2020

Tungependa kuishia hapo, lakini haitakuwa kweli yote. Machi 2020 shule za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022, muda mrefu kuliko karibu nchi zote duniani. Serikali ikapeleka masomo katika redio na televisheni. Watoto wetu wadogo walikuwa shule ya msingi. Tulijaribu redio na vitabu vya maswali, lakini hesabu za maumbo mtoto hazielewi kwa sikio. Tukanunua televisheni ndogo. Miaka 14 ya msimamo wetu iliisha kwa bei ya magunia machache ya sukari.

Masomo yalikuwa ya saa chache. Seti iliwaka kutwa. Ndani ya wiki mbili tulirudi 2006, isipokuwa sasa tulikuwa tunajua dawa. Tukaiweka kabatini, ikatolewa wakati wa somo na kurudishwa. Mpaka leo iko kabatini, na hutoka kwa sababu inayojulikana: Hija, tukio kubwa la nchi, au somo. Je, sisi bado ni nyumba isiyo na televisheni? Wengine watasema hapana. Hatugombani nao.

Na mtoto wetu mkubwa sasa ni mtu mzima, ana nyumba yake, na ana televisheni sebuleni. Mara ya kwanza tulipomtembelea tuliiona, tukanyamaza. Ilipoadhiniwa Magharibi aliinuka mwenyewe akaizima, akatutazama akacheka, akasema: "Baba, sikuzibi?" Hakuwa amesahau. Alhamdulillah.

TULILOLIPATA KATIKA HISTORIA HII

Ndugu wazazi, kwa yote tuliyoyataja, tunaona mambo manne:

1. Kabla ya kuiondoa televisheni, amueni nini kitakaa mahali pake. Tanzania ilikuwa na vikundi vyake vya redio. Nyumba yenu itakuwa na nini kati ya Magharibi na kulala? Kama jibu halipo, ngojeni mpaka mlipate.

2. Uamuzi uwe wa wote, hasa wa yule anayeshinda nyumbani. Asiamue anayerudi usiku peke yake.

3. Msiwageuze majirani kuwa maadui. Watoto wa St Helena walilindwa na macho ya jirani. Jirani anayetazama televisheni anaweza kuwa ndiye anayewaambia ukweli juu ya mtoto wenu.

4. Tusijidanganye kwa simu. Leo katika Kikuubo fedha zinalipwa kwa simu, oda zinakuja kwa simu, na mfanyabiashara hawezi kuiacha. Lakini ndani yake mna televisheni zote za dunia, na haikai sebuleni ambako wote wanaiona, inakaa mkononi chini ya shuka. Mzazi aliyetoa seti sebuleni kisha anakaa mezani akiinamia simu yake, watoto wanamwona, na wao ndio watakaosema siku moja nani anamziba nani.

Sote tunaijua hadithi ya Mtume (S.A.W.) juu ya mchunga na alichokabidhiwa kukichunga. Kuchunga ni kuwepo. Mchunga aliyefunga zizi kisha akaenda zake hajachunga, na aliyeliacha wazi akakaa mlangoni huenda kondoo wake wakalala salama. Basi awe nayo au asiwe nayo, kila mmoja wetu aanze kwa kufika nyumbani mapema japo siku moja ya wiki hii, akae na watoto wake kati ya Magharibi na Isha, awasikilize wanasema nini.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atutengenezee nyumba zetu, atuhifadhie vizazi vyetu, na atujaalie tuwe mfano kwao kabla ya kuwa waamrishaji wao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.